Goti la Kamusi

Kila Alhamisi, baada ya mapumziko, darasa la sita walisoma michezo. Hawakucheza, walisoma. Mwalimu Mkuu aliingia na kipande chake cha chaki, akachora ubaoni kiwanja cha netiboli, mstari hapa, duara pale, kisha akaanza kuuliza maswali kabla hata hajageuka kuwatazama wanafunzi.

"Timu moja ina wachezaji wangapi?"

"Saba," darasa zima lilijibu.

"Aliyedaka mpira anaruhusiwa kukimbia nao?"

"Haruhusiwi."

"Kwa nini?"

Hapo darasa lilinyamaza. Vichwa vyote viligeukia dawati la mbele, karibu na dirisha lisilo na kioo, alipoketi msichana mmoja mwembamba aliyezoea kutazamwa.

"Kwa sababu netiboli ni mchezo wa kupasiana," alijibu bila hata kukuna kichwa. "Mpira ndio unaosafiri, si mchezaji."

Jina alilopewa nyumbani lilikuwa limekwisha kusahaulika pale shuleni. Kila mtu alimwita Kamusi, na jina hilo lilimkaa kama shati lililopimwa na fundi.

Hakuna aliyeona ajabu kwamba michezo inasomwa kwa chaki. Shule yao ilikuwa pale barabara ilipokomea. Kutoka hapo kwenda mbele kulikuwa na vijia vya miguu tu. Walimu walikuwa wachache kuliko madarasa, hivyo Mwalimu Mkuu alifundisha darasa la sita huku sikio lake moja likiwa kwa darasa la tano, ng'ambo ya ukuta. Uwanja ulikuwepo nyuma ya shule, lakini ulikuwa uwanja wa jina, maana ulijaa mawe na vichaka na upande mmoja uliteremka. Mpira wa pekee wa shule ulilala kabatini ofisini, umenywea kama chungwa lililosahauliwa juani. Na wazazi wengi walisema watoto wao wanatembea vya kutosha wakija shuleni, sasa wakimbizwe tena kwa kosa gani?

Kwa hiyo hata mazoezi ya kupasha mwili moto waliyafanya daftarini. Walichora kijitu kimeinama, kijitu kimenyoosha mikono, kijitu kinaruka. Kamusi alivipaka rangi vijitu vyake na kupata maksi zote. Rafiki yake, aliyeitwa Panzi kwa sababu ya miguu yake mirefu, alikaa dawati la nyuma kabisa na hakuwahi kupata hata nusu.

"Kijitu chako kina mikono mitatu," Mwalimu Mkuu alimwambia siku moja.

"Huyo ni mdakaji hodari sana, mwalimu," Panzi alijibu.

Darasa lilicheka mpaka la tano wakagonga ukuta.

Panzi alisoma kwa kuyaburuta maneno, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kila jioni walipokuwa wakirudi nyumbani, Kamusi alimsikilizisha kurasa mbili tatu njiani. Walikuwa marafiki wa namna hiyo: mmoja anajua, mwingine anajifunza. Kamusi hakuwahi kufikiri kwamba mambo yanaweza kugeuka.

Mwanzoni mwa muhula akaja mwalimu mpya, dada kijana mwenye raba miguuni na filimbi shingoni. Wiki haikwisha kabla hajaitwa Mwalimu Filimbi. Alhamisi yake ya kwanza aliingia darasani, akakuta Mwalimu Mkuu keshachora kiwanja ubaoni, akakifuta.

"Fungeni madaftari. Tunatoka nje."

Watoto walitazamana. Mvulana mmoja akainua kidole. "Mwalimu, tutoke na kalamu tu, au na rula pia?"

"Tokeni na mikono."

Walianza kwa kuokota mawe. Waliyarundika pembeni, wakafyeka vichaka upande ule usio na mteremko, wakachora mistari kwa majivu. Mpira wa kabatini haukujazika tena upepo, basi Mwalimu Filimbi akaomba vitambaa chakavu. Mama yake Kamusi alikuwa fundi cherehani, na barazani kwake vipande vya vitambaa vilikuwa havikosekani. Kamusi mwenyewe alileta mfuko mzima kichwani, akasaidia kushona mipira ya matambara, migumu na mizuri. Alijua hata mpira unapaswa kuwa na uzito gani. Alijiona kama mwenye harusi.

Ndipo wakaambiwa wasimame wawili wawili, wapasiane.

Kamusi alisimama akitazamana na Panzi. Aliikumbuka picha ya kitabuni: mikono mbele, vidole vimetanuka, macho kwenye mpira. Panzi akarusha. Mpira ulikuja taratibu, Kamusi akauona vizuri kabisa, ukapita katikati ya mikono yake na kumpiga puani.

Panzi akarusha tena. Huo ulimpiga begani. Wa tatu aliudaka, au alidhani ameudaka, mpaka alipousikia ukianguka nyuma yake.

"Jamani, Kamusi imekosa ukurasa," mvulana mmoja alisema.

"Fungua D, dada," mwingine akamwambia kwa upole wa uongo. "Tafuta 'daka'. Ukishaiona utuite."

Walicheka. Hata Mwalimu Filimbi alitabasamu. "Utazoea," alisema, akaenda kwa wengine. Panzi, kwa upande wake, alidaka kila kitu. Alidaka kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika sketi isipeperuke. Mwalimu alipuliza filimbi, akawaita wote wamtazame.

"Mnaona miguu yake? Anaufuata mpira, haungojei umfuate."

Wote walimtazama Panzi. Kamusi naye alitazama, na kichwa kikamzunguka kama pia.

Mchana ule alipokuwa akiosha vyombo nyumbani, aliosha sufuria ileile mara tatu. Mtu anawezaje kujua kila kitu kuhusu mpira, kisha mpira wenyewe usimjue? Na Panzi, asiyeweza kuliandika neno netiboli bila kuacha herufi, alijifunza wapi? Kama kile alichokisoma ni kweli, mbona mikono yake haikisikii? Na kama si kweli, zile maksi zote zilikuwa za nini? Aliuliza maswali, lakini safari hii hakukuwa na dawati la mbele la kugeukia.

Alhamisi iliyofuata zilikuwa mbio za kupokezana kijiti. Jua lilikuwa la utosi, maana kipindi chenyewe kiliwekwa mwishoni mwa asubuhi, na wengi walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Kamusi alipangwa kukipokea kijiti kutoka kwa Panzi. Alisimama kwenye mstari wa majivu, mkono mmoja nyuma, mwingine ukibana sketi. Wale wavulana wa "fungua D" walikuwa ng'ambo, wamekunja mikono, wakingoja.

Panzi alikuja kama upepo. Kamusi alichelewa kuondoka, kisha akaondoka ghafla kwa upande usio wake. Mabega yakagusana, kijiti kikaanguka, naye akapiga magoti vumbini.

Hakuumia. Vumbi lilikuwa laini kama unga. Lakini aliinua macho akaona vinywa vinavyoanza kufunguka, akakisikia kicheko kinavyokuja kabla hakijafika, na mikono yake ikafanya jambo ambalo hakuwa ameiambia ifanye. Ililishika goti.

"Goti langu," alisema.

Kicheko hakikufika. Zikasikika raba za Mwalimu Filimbi zikikimbia.

"Linauma wapi, mama? Nionyeshe."

Kamusi alilitazama goti. Halikuwa na mchubuko. "Ndani," alijibu.

Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Panzi aliwafuata nyuma na mikoba yote miwili, akilia bila sauti.

"Ni mimi niliyekugonga?" aliuliza. "Kamusi, ni mimi?"

Kamusi alifumba macho kama mtu mwenye maumivu makali. Hakusema ndiyo. Baadaye angejikumbusha jambo hilo mara nyingi: hakusema ndiyo.

Cherehani ilinyamaza walipofika. Mama alimlaza kitandani, akalikanda goti kwa maji ya moto yenye chumvi, akalifunga kwa kitambaa cheupe. Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima, basi akasema wangoje waone kama litavimba. Jioni akaja baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa seremala, penseli haikutoka sikioni mwake, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Wametuvunjia mtoto," alisema, akiwa bado mlangoni. "Nilisema mimi. Mtoto anapelekwa shule akasome, wao wanamfanya farasi."

"Halijavunjika, shemeji," mama alijibu.

"Kuvunjika ni mpaka mfupa utoke nje?"

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Alhamisi iliyofuata kiwanja cha chaki kilikuwa kimerudi ubaoni. Mwalimu Filimbi aliketi nyuma ya darasa akisahihisha madaftari, na filimbi haikuwa shingoni.

Kamusi alikuwa amedhani atafurahi. Alijibu maswali yote, akapata maksi zote, na hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama. Wote walikuwa wakitazama dirishani, kule kwenye mistari ya majivu iliyoanza kufutika. Kipindi kilipokwisha, waligeuka, lakini si kwake.

"Haya, Panzi," mmoja alisema. "Umetufungia uwanja na hayo mabega yako ya nyati."

"Sikukusudia."

"Nyati naye huwa hakusudii."

Kamusi alikuwa karibu, alisikia neno kwa neno. Mimi sikusema amenigonga, alijiambia. Sasa mbona wanajua? Nani aliwaambia, kama si mimi?

Mama alikuwa amemkataza kubeba maji. Siku ile jioni alisikia ndoo ikiwekwa barazani, akachungulia. Alikuwa Panzi, shingo imelowa.

"Ya kwenu haya," Panzi alisema. "Bibi amesema niwe nakuja kila siku mpaka upone."

Akaja siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Siku moja Kamusi alitoka kumpokea akichechemea, na Panzi akamtazama miguuni, uso umekunjamana.

"Jana si ulikuwa unachechemea mguu huu?"

Kamusi alisimama kama aliyekanyaga msumari. Alitazama chini. Kweli, alikuwa amesahau ni upi.

"Labda yamehama," Panzi alisema kwa huruma. "Bibi husema maumivu yakikaa sana huhama. Pole, Kamusi. Sasa yote miwili." Kisha akaongeza, akiipangusa ndoo kwa pindo la sketi: "Mwalimu Filimbi aliniambia nitafaa timu ya shule, tukiwa na timu. Nimemwambia asiniweke. Mikono yangu ina mkosi."

Aliondoka na ndoo tupu. Kamusi alibaki pale mlangoni, haelewi kitu. Alikuwa ameficha jambo dogo tu, dogo kama sindano, na sasa kila aliyepita alikuwa akichomwa isipokuwa yeye.

Ijumaa jioni baba mkubwa alipita tena. Kamati ingekutana kesho asubuhi, alimwambia mama. Uwanja ungelimwa uwe bustani ya mboga, mambo yaishe. Na bibi yake Panzi ameitwa aje na mjukuu wake kuomba radhi mbele ya wazazi.

"Kuna haja gani ya kumwita mtu mzima?" mama aliuliza.

"Haja ya watoto kujua kwamba kusukumana si mchezo."

Alipoondoka, mama alileta beseni la maji ya moto, akafungua kitambaa, akaanza kukanda. "Hapa?"

"Panauma," Kamusi alijibu kwa mazoea.

"Na hapa?"

Kamusi hakujibu. Alikuwa akimwona bibi yake Panzi, na mgongo wake ulioinama, akishuka kile kijia cha mawe asubuhi kwenda kuomba radhi. Alikuwa akiuona uwanja umechimbwa matuta. Aliona mambo mengi kwa wakati mmoja, yamechanganyika kama nyuzi ndani ya mkebe wa mama yake, asijue avute upi. Alipozinduka, mama alikuwa ameitoa mikono yake majini.

"Nimelibonyeza kwa nguvu zangu zote," mama alisema polepole. "Hukusikia."

Kwa kitambo kifupi palisikika maji tu, yakidondoka kutoka vidoleni mwake.

"Haliumi," Kamusi alisema. "Halijawahi kuuma, mama."

"Sasa kwa nini?"

"Sijui. Nilikuwa najua kila kitu, halafu nikawa sijui kitu. Na Panzi asiyejua ndiye anayejua. Nikaona wakinicheka tena nitakuwa sina hata jina." Machozi yalimtoka. "Mimi sikusema amenigonga. Nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza tu," mama alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. Hakugomba. Alifuta mikono yake, na Kamusi akaona kwamba hata yeye hakuwa na hakika aanzie wapi. "Mshono ukienda upogo, mwanangu, fundi mvivu hupiga mshono mwingine juu yake. Nguo inazidi kuvutika. Hakuna njia nyingine ila kufumua mpaka pale ulipokosea."

"Utamwambia baba mkubwa?"

"Mimi? Goti ni langu?"

Asubuhi wazazi walijibana kwenye madawati ya darasa la sita, magoti yakigusa videvu. Mwalimu Mkuu na Mwalimu Filimbi walikaa mbele. Bibi yake Panzi aliketi karibu na mlango na Panzi pembeni yake, amevaa sare iliyofuliwa usiku, bado mbichi kwenye mifuko. Kamusi aliketi na mama yake. Alikuwa amepanga kumwambia Panzi kwanza, peke yao, lakini njia nzima hakumwona, na sasa baba mkubwa alikuwa ameshasimama na penseli yake sikioni.

Alizungumza juu ya usalama wa watoto. Alizungumza juu ya bustani. Kisha akamgeukia bibi.

"Kama mjukuu wangu kakosa, tumekuja kuomba radhi," bibi alisema. "Ila nami nashangaa. Nyumbani huyu hafukuzi hata kuku bila kumwomba samahani. Simama, mama, useme."

Panzi alisimama. "Mimi ndiye—"

"Hakunigonga," Kamusi alisema.

Hakujua amesimama saa ngapi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelegea, akainama akakifungua chote, akakishika mkononi, maana hakujua pa kukiweka.

Baba mkubwa alimtazama goti, akamtazama uso. "Unasemaje, binti yangu? Maana mimi sijaelewa."

"Goti ni zima. Nilianguka mwenyewe. Niliogopa kuchekwa, nikasema linauma. Panzi hakufanya kitu."

"Sasa mimi," baba mkubwa alisema, akaitoa penseli sikioni na kuitazama kana kwamba jibu liko pale, "mimi nilikuja hapa kumgombeza nani?"

Bibi ndiye aliyemjibu.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Huyu wetu kaficha uzima. Haya, dunia haiishi kutufunza."

Kicheko kilipita madawatini, kifupi, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Panzi hakucheka. Alikuwa amemkazia Kamusi macho, kisha akatoka nje.

Mwalimu Filimbi aliinuka. "Nami nina la kusema. Nilimwona akipigwa na mpira usoni, nikamwambia utazoea, nikapita. Sikumfundisha kudaka. Nilidhani kila mtoto anajua kwa kuzaliwa. Na niliwakimbiza kwenye jua kali na njaa, wasichana wakishika sketi kwa mkono mmoja. Nilikuwa na haraka ya kuwaona wanacheza."

Mwalimu Mkuu alikohoa. Alikuwa mtu mzima, na maneno yalimtoka kwa shida. "Mimi nimefundisha mchezo ambao sijawahi kuucheza. Hapa tuko mbali na zahanati. Niliogopa mtoto akiumia nitamkimbiza wapi. Nikaona chaki haimvunji mtu mguu. Kumbe nilikuwa nikimpa mtoto maksi za kitu ambacho hajawahi kukishika, naye akaniamini."

"Kwa hiyo bustani?" mzazi mmoja aliuliza.

"Bustani tutaipatia pahali pengine," mama yake Kamusi alijibu. "Mimi nitashona bukta za kuvaa ndani ya sketi, vitambaa ninavyo. Ila kipindi kihamishwe asubuhi, kabla jua halijawaka. Na kuhusu maji," alimgeukia bibi, "yale aliyoyabeba mjukuu wako yatarudi kwako, ndoo kwa ndoo. Huyu ana miguu."

"Nguzo za goli zinakuwaje?" baba mkubwa aliuliza mwishowe, bila kumtazama mtu. "Mbao ninazo."

Kamusi alimkuta Panzi nyuma ya shule, ameketi juu ya rundo la mawe waliyoyaokota pamoja.

"Samahani," alimwambia.

Panzi hakugeuka. "Nilibeba maji yenu."

"Najua."

"Kila siku. Na ukaniacha niseme yamehama."

"Najua."

"Usiwe unasema najua," Panzi alisema, na sauti yake ikapasuka. "Wewe kila kitu unajua. Mimi nilikuwa nikiiangalia mikono yangu usiku nione ina nini."

Kamusi alikaa chini, mbali kidogo, akangoja, na hakujua anangoja nini. Panzi aliinuka akaenda zake.

Siku zilizofuata Kamusi alipeleka maji kwa bibi. Panzi alipokea ndoo bila neno, akairudisha bila neno. Siku moja, ndoo ikiwa mlangoni, Panzi alitoka na mpira wa matambara. Akaurusha bila onyo. Kamusi alishtuka, ukaanguka.

"Unaufumbia macho," Panzi alisema kwa ukali. "Ukikaribia tu, unafumba. Ndiyo maana. Uokote."

Kamusi hakuwa akijua kwamba anafumba macho. Hakuna kitabu kilichomwambia. Aliuokota, akaurudisha. Ukarudi tena, mkali vilevile, na tena.

Kipindi cha kwanza cha asubuhi kilikuwa kimepoa na umande. Nguzo mbili mpya zilinukia mbao mbichi, na baba mkubwa alisimama pembeni akijifanya anakagua misumari. Mwalimu Filimbi aliwapanga duara ili wapasiane polepole, kila aliyekosa aelezwe alipokosea. Walipokuwa wameanza, Mwalimu Mkuu alitoka ofisini, akavua koti, akalitundika kichakani, akaingia duarani.

Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ulimgonga kifuani, akaukumbatia kama mtoto mchanga, ukamponyoka kwapani. Watoto walibana midomo, hawajui kama inaruhusiwa.

"Chekeni," Mwalimu Mkuu alisema, akihema. "Cheko haliui. Nisikilizeni. Asiyejua si mjinga. Asiyejua ana kazi tu mbele yake, nayo ni kujifunza. Ubaya unaanza pale anapoficha asichokijua, kwa sababu maficho yana gharama, na mara nyingi mwenye kulipa ni mwenzako asiye na hatia. Mimi nilificha kwa chaki. Mwingine alificha kwa kitambaa. Tusirudie. Anayetaka kuuliza hapa aulize, anayetaka kukosea akosee mchana kweupe."

"Mimi bado sielewi, mwalimu," Kamusi alisema. Wenzake waligeuka, hawakuwa wamewahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Mikono ikiwa mbele, na macho nimeyafumbua, mbona bado unaniponyoka?"

Mwalimu Mkuu aliutazama mpira aliokuwa nao mkononi. "Wala mimi sielewi," alikiri. "Panzi, mwanangu, hebu tuambie."

Panzi alimtazama Kamusi kwa muda, kisha akaingia katikati ya duara. "Mnaukamata kama mnaugombania," alisema. "Uvuteni kifuani, ulegee nanyi. Hivi." Akaonyesha, akarusha.

Kamusi aliunyooshea mikono mpira, akaona unakuja, akaona nyuzi za mshono wake, ukagusa vidole, ukamponyoka na kubiringika kuelekea mteremkoni. Hakungoja kuona nani anacheka. Alikuwa keshaanza kuukimbilia.